Jinsi ya kuchagua toleo la programu ya imla linalokufaa

Watu wengi wanaotaka kuandika kwa kusema huanzia pasipo pake. Wanafungua ukurasa wa mauzo, wanakuta majina yamepangwa kama ngazi: toleo la nyumbani, la kitaalamu, la wanasheria, la madaktari. Wanadhani kila ngazi ina sikio kali kuliko iliyo chini yake. Mwenye fedha anachukua la juu, asiye nazo anachukua la chini, na wote wawili wanaweza kujikuta na programu isiyofanya kazi waliyoitaka.

Matoleo ya familia moja, yakiwa ya mwaka mmoja, kwa kawaida husikia kwa sikio lilelile. Yanapoachana ni kwenye mambo mengine: msamiati yanaokuja nao, amri unazoweza kujitungia, kama yanapokea sauti iliyorekodiwa, sauti yako inakokwenda kusikilizwa, na idadi ya kompyuta unazoruhusiwa kuyaweka. Hayo ndiyo unayoyalipia. Kwa hiyo chaguo linaanza kwenye kazi yako, na jina la toleo linakuja baadaye sana.

Hatua ya 1: Jua ni kazi gani hasa unataka sauti ikufanyie

Kwa siku tano za kazi, kila unapoandika chochote kwenye kompyuta au simu, weka alama kwenye daftari: maneno haya yametoka wapi? Yametoka kichwani mwako, yametoka kwenye rekodi, au ulikuwa hata huandiki, ulikuwa unafungua mafaili na kubofya huku na kule? Siku tano zikiisha utaona kazi zako zimeangukia mafungu matatu, na kila fungu lina programu yake.

Fungu la kwanza ni imla yenyewe: unasema, maneno yanatokea papo hapo. Barua, ripoti, sura ya kitabu, majibu ya barua pepe. Hapa karibu kila programu inaweza, zikiwemo zile za bure zilizomo tayari kwenye simu na kompyuta yako.

Fungu la pili ni kugeuza rekodi kuwa maandishi: mahojiano, mikutano, mihadhara. Watu huchanganya kazi hii na imla, na huku ndiko fedha nyingi zinakopotea. Programu nyingi za imla zimejengwa kumsikia mtu mmoja, anayeongea karibu na maikrofoni, akijua kwamba anaandikiwa. Ukizipa rekodi ya watu wanne waliokaa kuizunguka meza, wakikatizana, zinababaika. Kazi hiyo inataka programu inayotenganisha wasemaji na kuweka saa na dakika kando ya kila aya, ili ukitilia shaka neno uweze kurudi ulipolisikia. Mimi niliwahi kununua toleo la nyumbani la programu moja kwa sababu ya rekodi za mahojiano zenye urefu wa saa mbili kila moja. Nilipoiweka nikatafuta kwenye menyu pa kuingizia faili la sauti, sikupaona. Nikasoma upya jedwali la kulinganisha matoleo, mstari kwa mstari, nikakuta kazi hiyo imewekwa kwenye toleo la juu tu. Jedwali lilikuwa limesema wazi tangu mwanzo. Tangu siku hiyo sinunui kabla ya kuitafuta kazi yangu kwa jina lake kwenye jedwali hilo.

Fungu la tatu ni kuiendesha kompyuta kwa sauti: kufungua dirisha, kushuka ukurasa, kubofya kitufe, kuchagua mstari. Mwenye maumivu ya viganja au asiyeweza kutumia mikono anahitaji fungu hili kuliko yote, na mara nyingi ndilo analosahau kuliuliza. Mwenzangu mmoja, mfasiri, alinijia mkono ukiwa umefungwa bandeji. "Kaka, nitafutie ile inayoandika kwa usahihi kuliko zote," akaniambia. Nilikaa naye nusu saa nikimwangalia akifanya kazi. Kwa nusu saa hiyo aliandika maneno machache tu. Muda uliobaki alikuwa akiruka kutoka dirisha hadi dirisha na kusogeza mshale. Usahihi wa maneno haukuwa shida yake. Shida yake ilikuwa kipanya.

Hatua ya 2: Uliza lugha kabla ya kuuliza kitu kingine chochote

Kama utasema Kiswahili, hatua hii peke yake itafuta zaidi ya nusu ya orodha yako. Dragon, programu ya imla ya kulipia ambayo ndiyo iliyowazoesha watu majina haya ya matoleo, huuzwa kwa lugha chache, nyingi zikiwa za Ulaya, na Kiswahili hakimo. Toleo la kitaalamu, la sheria au la nyumbani, hakuna hata moja litakalokuandikia sentensi ya Kiswahili. Kama kazi yako yote ni ya Kiingereza au Kifaransa, endelea nayo kwa amani.

Google iliongeza Kiswahili kwenye uandishi wa sauti mwezi Agosti 2017, na kwenye orodha ya lugha utakuta Kiswahili cha Kenya na cha Tanzania vimetengwa. Jaribu vyote viwili hata kama unadhani unajua chako ni kipi. Kwenye Google Docs unaingia kwenye menyu ya zana na kuchagua uandishi wa sauti. Kwenye simu ni ile alama ya maikrofoni juu ya kibodi ya Gboard. Lakini amri za kuhariri kwa sauti kwenye Google Docs, kama kuchagua aya au kufuta neno la mwisho, zinakubali Kiingereza tu. Ukisema kwa Kiswahili, uhariri utaufanya kwa mkono. Kwa mtu wa fungu la kwanza hilo linavumilika. Kwa mtu wa fungu la tatu ni ukuta.

Ipo pia Whisper, programu ya kugeuza sauti kuwa maandishi, ambayo kampuni ya OpenAI iliitoa Septemba 2022 ikiwa wazi kwa yeyote kuitumia bila malipo. Ilifunzwa kwa saa 680,000 za sauti, takribani theluthi mbili zikiwa za Kiingereza. Kiswahili kimo, ila kwa sehemu ndogo sana, na utauona upungufu huo kwenye maandishi. Nyingi ya programu ndogondogo za kugeuza rekodi kuwa maandishi zinazouzwa siku hizi zinatumia Whisper kwa ndani, kwa hiyo unaweza kuwa unalinganisha bidhaa tatu zenye majina matatu kumbe sikio ni moja.

Mitego miwili hapa. Wa kwanza: programu kuwa na menyu za Kiswahili hakumaanishi kwamba inasikia Kiswahili. Hizo ni kazi mbili tofauti, hufanywa na watu tofauti. Wa pili: usihukumu kwa sentensi rahisi. "Habari za asubuhi" kila programu italipata. Kiswahili kinabeba sentensi nzima ndani ya neno moja, na hapo ndipo programu dhaifu inapojulikana. Isomee hivi: "Hatukuwaambia waliokileta kwamba tulikwishakipata." Iliyo dhaifu itakukatia neno vipande, itakuletea "hatuku waambia", au itameza kile kiambishi cha katikati na kubadilisha maana bila wewe kuona. Halafu isomee sentensi yenye "sita", "sitini", "saba" na "sabini" zikifuatana, kisha nyingine uliyochanganya na Kiingereza kama unavyoongea kazini. Programu nyingi husikiliza lugha moja kwa wakati mmoja. Neno la lugha nyingine linalazimishwa kuvaa nguo za lugha iliyochaguliwa.

Hatua ya 3: Kompyuta uliyo nayo

Hapa ni haraka. Dragon ya kompyuta ni ya Windows. Ile ya Mac ilisimamishwa mwaka 2018, na ukiona mtu anaiuza leo, anauza kitu kisicho na mwenyewe. Kwenye Windows, bonyeza kitufe cha Windows pamoja na H, utapata kisanduku cha kuandika kwa sauti bila kununua chochote. Windows 11 ina pia Voice Access, ambayo ni ya fungu la tatu. Mac ina Voice Control tangu mwaka 2019, kwa kazi hiyohiyo. Zijaribu hizi kwanza kwa lugha utakayosema. Kama zinatosha, umemaliza, na pesa yako inunue maikrofoni.

Ukiamua kuiendesha Whisper kwenye kompyuta yako mwenyewe, haina matoleo ya nyumbani na ya kitaalamu. Ina ukubwa: tiny, base, small, medium na large. Ndogo kabisa hutaka takribani gigabaiti 1 ya kumbukumbu ya kadi ya michoro, kubwa kabisa hutaka kama 10. Kwa Kiingereza safi, ndogo inaweza kukutosha. Kwa Kiswahili usiteremke chini ya medium. Tofauti ni kubwa mno. Na ukikuta jina limeishia na nukta kisha "en", hiyo ni ya Kiingereza pekee, iache.

Hatua ya 4: Sauti yako inakwenda wapi?

Swali hili ningependa watu wangeliuliza kwa uzito zaidi. Programu ya imla inasikia kila unachokisema, na unayemsemea mara nyingi ni mtu mwingine: mgonjwa, mteja, mwanafunzi, shahidi. Jina lake na ugonjwa wake au kesi yake vinapita kwenye maikrofoni yako.

Kuna programu zinazosikiliza hapohapo kwenye kompyuta, na kuna zinazotuma sauti kwenye seva za kampuni na kurudisha maandishi. Matoleo ya bidhaa moja yanaweza kutofautiana kwenye jambo hili: Dragon Professional inayowekwa kwenye kompyuta inasikiliza humohumo, ilhali Dragon Medical One, ya madaktari, inafanya kazi kupitia seva za mtandaoni. Kutuma sauti kwenye seva si kosa. Toleo la kulipia linaweza kuja na mkataba unaosema sauti itahifadhiwa kwa muda gani na kama itatumika kuifunza programu, na mkataba huo ukiwa mzuri ni bora kuliko kompyuta isiyo na nywila iliyoachwa mezani. Lakini huduma ya bure mara nyingi haikupi mkataba wowote wa namna hiyo.

Kipimo chake ni rahisi. Zima intaneti kabisa, kisha sema sentensi mbili. Maneno yakitokea, inasikia yenyewe. Yasipotokea, tafuta masharti ya faragha na uyasome sehemu inayohusu sauti kabla hujataja jina la mtu yeyote. Na kama ofisi yako ina mtu anayeshughulikia ulinzi wa taarifa, muulize yeye kabla ya kulipa, maana akikataa baadaye utakuwa umenunua kitu cha kuweka kabatini.

Hatua ya 5: Je, unahitaji msamiati wa kitaaluma?

Toleo la sheria lina istilahi za sheria na linajua namna ya kuandika marejeo ya kesi. Toleo la tiba lina majina ya dawa, magonjwa na vipimo. Wauzaji watakuambia ukiwa na taaluma, chukua la taaluma. Mimi nasema ujipime.

Fungua hati zako kumi za mwisho. Chagua maneno arobaini ambayo mtu wa nje asingeyajua. Yatie ndani ya sentensi za kweli ulizoziandika, kisha uzisomee toleo la kawaida. Kama limekosea sita au saba, basi ongeza maneno hayo kwenye kamusi ya programu, na ikiwezekana yatamke mara moja ili ijue sauti yako. Ni kazi ya dakika chache. Kama limekosea ishirini, lipa tofauti ya bei, kwa kuwa nyuma ya hayo ishirini yapo mengine mamia hujayafikia. Hakikisha tu kwamba toleo la chini linakuruhusu kuongeza maneno, na kwamba orodha hiyo unaweza kuitoa na kuihamishia kwenye kompyuta nyingine. Kamusi uliyoijenga kwa miaka miwili ni mali yako.

Kwa tiba nimekuwa mgumu zaidi. Soma majina haya mawili kwa sauti, kama yanavyoandikwa kwenye pakiti: hydralazine, hydroxyzine. Moja hushusha shinikizo la damu, nyingine ni dawa ya mzio. Programu isiyojua dawa itachagua lolote linalofanana, na litaonekana sahihi kabisa kwenye skrini, halina hata mstari mwekundu chini yake. Anayeandika maagizo ya dawa atumie toleo la tiba, na hata akilitumia asome kila jina na kila namba kabla ya kutia sahihi.

Hatua ya 6: Pima, tena kwa saa

Kabla ya kipimo, maikrofoni. Kulinganisha matoleo mawili kwa maikrofoni mbili tofauti ni kulinganisha maikrofoni. Tumia moja, ya kuvaa kichwani, yenye waya wa USB, na uiweke pembeni ya mdomo, vidole viwili kutoka kwenye kona ya midomo, isiwe mbele kabisa ambako pumzi inapiga. Za Bluetooth zinafaa kwa simu za kawaida, lakini nyingi hubana sauti pindi maikrofoni yake inapowashwa, na programu inapokea kidogo kuliko ulichosema.

Na usiseme neno moja moja. Ushauri huo ni wa zamani: DragonDictate ya mwaka 1990, iliyouzwa dola 9,000, ilimtaka msemaji anyamaze kidogo baada ya kila neno. Mwaka 1997 Dragon NaturallySpeaking ilipokea usemi mfululizo, na programu za leo zinategemea maneno ya jirani ili kujua ulisema nini. Ukikatakata, unazinyima msaada huo. Sema sentensi nzima, kwa mwendo wako.

Sasa chukua ukurasa wako mwenyewe wa maneno 300. Usome, kisha uhesabu makosa ya aina tatu: maneno yaliyobadilishwa, yaliyomezwa, na yaliyoongezwa. Tuseme yamebadilishwa 12, yamemezwa 4, yameongezwa 2. Jumla 18, gawanya kwa 300, unapata makosa ya asilimia 6. Muuzaji angeiita hiyo usahihi wa asilimia 94, na inasikika vizuri. Wewe weka saa.

Ukisema maneno 130 kwa dakika, ukurasa huo unachukua kama dakika 2 na sekunde 18. Kila kosa likikugharimu sekunde 10 kulisahihisha, makosa 18 ni dakika 3. Jumla ni dakika 5 na sekunde 18. Ukiandika kwa vidole maneno 40 kwa dakika, ungetumia dakika 7 na nusu. Umefaidika. Lakini makosa yakifika 45, yaani asilimia 15, masahihisho peke yake yanakula dakika 7 na nusu, na jumla inakaribia dakika 10. Hapo vidole vimeshinda, labda kama vidole ndivyo vinavyouma. Weka kasi yako halisi ya kuandika kwenye hesabu hii, maana anayeandika maneno 70 kwa dakika anahitaji programu nzuri zaidi kuliko anayeandika 25, na hilo hakuna jedwali la matoleo litakalomwambia.

Angalia pia makosa ni ya namna gani. Kosa linalochekesha unaliona haraka. La hatari ni "nilikubali" likiwa "sikubali", au namba iliyobadilika. Kwa rekodi, acha kimya cha nusu dakika katikati ya sauti uone programu inafanya nini. Whisper ina tabia ya kujaza kimya kwa sentensi ambazo hakuna aliyezisema, na kama unaandika kumbukumbu za kikao lazima ulijue hilo mapema.

Hatua ya 7: Leseni

Uliza mambo manne tu. Unalipa mara moja au kila mwezi? Inaruhusiwa kwenye kompyuta ngapi, na ukibadilisha kompyuta unaihamishaje? Kuna muda wa kujaribu au wa kurudishiwa fedha, siku ngapi? Na ukiacha kulipa, kamusi na amri zako unaondoka nazo?

Malipo ya kila mwezi yanamfaa mwenye mradi wa muda mfupi. Leseni ya kudumu inamfaa atakayesema kila siku kwa miaka, ingawa neno "kudumu" lina mipaka yake: Dragon imebadilisha wamiliki mara kadhaa, Microsoft ikakamilisha kuinunua Nuance, kampuni iliyokuwa nayo, mwezi Machi 2022, na bidhaa za familia hiyo zimekuwa zikifungwa na kuunganishwa njiani. Kabla ya kununua leseni ya mkono wa pili, thibitisha kwamba bado inaweza kusajiliwa.

Siku ya kwanza baada ya kulipa, fanya majaribio yote upya ndani ya muda wa kurudishiwa fedha, ukitumia toleo kamili na kazi zako za kweli. Ule ukurasa wa maneno 300 uhifadhi pamoja na idadi ya makosa na tarehe. Toleo jipya likitangazwa, lisomee ukurasa huohuo kwa maikrofoni ileile, uhesabu, ndipo uamue kama unalipia tena.